Nyumba moja, kata mbili: kisa cha urithi Nyakato na Buzuruga

Kisa chenyewe kipo hivi. Mzee mmoja hapa Mwanza kafariki, kaacha watoto wa mama wawili. Wa mama mkubwa wamekulia mjini, wengi wao bado wapo hapa hapa, wa mama mdogo wamekulia Sengerema wakawa wanakuja Mwanza likizo tu enzi hizo wanavuka na kivuko. Msiba umeisha, arobaini imepita, kikao cha ukoo kimekaa kuchagua msimamizi wa mirathi, begi la makaratasi ya mzee likafunguliwa mbele ya watu wote. Na hapo ndo shida ilipoanzia.

Ndani ya begi kulikuwa na hati ya mauziano ya mwaka 1986, imeandikwa kwa mkono, inasema mzee kanunua eneo lenye msingi wa nyumba Kata ya Nyakato, Manispaa ya Mwanza. Kulikuwa na risiti za kodi ya majengo za miaka ya 2000 zimeandikwa Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Alafu kulikuwa na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, ya miaka ya karibuni, mzee aliichukua alipokuwa anafuatilia mambo ya benki, inamtambulisha kama mkazi na mmiliki wa nyumba Kata ya Buzuruga, Manispaa ya Ilemela.

Watoto wa Sengerema wakasoma wakaona nyumba mbili, moja Nyakato moja Buzuruga, moja iko Manispaa ya Mwanza nyingine Manispaa ya Ilemela. Na kwa kuwa wao wanaijua moja tu, ile waliyokuwa wanafikia likizo, wakauliza swali lililofanya ukoo mzima usilale: "Ile ya Nyakato mmeiuza lini na hela iko wapi?" Kaka yao mkubwa akaapa kwamba nyumba ni moja, hakuna nyingine, lakini aliapa kwa hasira na hakuwa na karatasi ya kuonyesha, kwa hiyo kiapo chake kikazidisha mashaka. Ndani ya wiki chache upande mmoja ukawa umeenda kushtaki kwenye kata hii, upande mwingine kwenye kata ile.

Mi niliitwa na mmoja wa mabinti kwa sababu ananijua nafuatilia historia ya utawala wa mji huu, akaniomba nisome yale makaratasi. Naandika kisa hiki kwa ruhusa yao bila majina, kwa sababu najua kuna familia nyingi hapa kanda ya ziwa zina begi kama lile na bado hazijalifungua.

Jambo la kwanza niliwaambia, kabla ya kusoma jina la kata lolote soma mwaka. Karatasi inakwambia mahali palikuwa chini ya nani siku ile ilipoandikwa, basi. Sasa tuanze na ile ya 1986 maana ndo iliyobeba mzigo.

Mwaka 1986 Mwanza ilikuwa manispaa, moja, hakukuwa na Ilemela ya kujitegemea wala jiji. Ukiandika Manispaa ya Mwanza unamaanisha mji wote. Hati ile ina mashahidi wanne, na hapa ndo watoto walichanganyikiwa zaidi, kwa sababu hakuna mwenyekiti wa mtaa. Kuna balozi wa nyumba kumi na kuna katibu wa tawi la chama, na tawi lenyewe lina jina ambalo leo halipo kwenye orodha yoyote ya mitaa. Kijana mmoja akasema hati ni feki, mbona haina mhuri wa serikali ya mtaa?

Ni halali kabisa na inaendana na zama zake. Mabalozi walianzishwa na TANU miaka ya 60 katikati, nyumba kumi kumi, na CCM ilipozaliwa 1977 ikawarithi. Mwaka 1972 serikali ilileta madaraka mikoani, halmashauri zikavunjwa, za miji nazo zikafuata mwaka uliofuata, miji ikabaki bila mabaraza yake hadi 1978 zilipoanza kurudishwa baada ya huduma kuzorota vibaya. Kisha ikaja sheria ya serikali za mitaa, mamlaka za miji, namba 8 ya 1982. Lakini kwa mwananchi wa Nyakato mwaka 1986 anayetaka mtu wa kushuhudia kwamba kanunua eneo, mtu anayemjua na anayeaminika alikuwa balozi na watu wa tawi la chama. Mwenyekiti wa mtaa tunayemzoea sisi, yule unayemfuata na karatasi jioni nyumbani kwake akupigie mhuri, kaanza kushika kasi na uchaguzi wa 1994, mfumo wa vyama vingi ulipoingia. Kwa hiyo kuidai hati ya 1986 mhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni kumdai mtoto wa darasa la kwanza cheti cha kidato cha nne.

Na tawi la chama lilikuwa na mipaka yake. Mitaa ilipokuja haikufuata matawi mstari kwa mstari, kuna tawi liligawanyika likawa mitaa miwili na kuna mtaa ulimeza vipande vya matawi tofauti, na majina mengine yakafa hapo hapo. Yule balozi alikuwa mtu wa chama lakini kichwani kwake ndo kulikuwa na rejista ya ardhi ya nyumba kumi zile, nani kanunua kwa nani, nani kapewa na shangazi, mti gani ni mpaka. Alipotoka hakuna aliyeandika alichokuwa anakijua.

Twende mbele haraka. Mwaka 2000 Mwanza ikawa jiji, na ndani ya jiji kukawa na wilaya mbili, Nyamagana na Ilemela, Nyakato ikiwa upande wa Ilemela. Ila halmashauri ilibaki moja, ya jiji, ndo maana risiti za mzee za miaka ile zinasema Jiji la Mwanza. Alafu 2012 Ilemela ikapewa manispaa yake, na makao yakawa Buswelu, na Halmashauri ya Jiji ikabaki na Nyamagana peke yake. Watu wengi wa Ilemela mpaka leo wakiulizwa wanasema wanaishi jijini na hawajakosea kwa lugha ya kawaida, ila kwenye fomu ya serikali ni vitu viwili.

Sensa ya mwaka huo huo 2012 iliikuta Ilemela ina kata 9. Nyakato ilikuwa kubwa sana, imeshika barabara ya Musoma, na Buzuruga haikuwepo kwenye orodha kama kata, lilikuwa eneo linalojulikana tu, watu walilitaja kwa ajili ya stendi. Leo Ilemela ina kata 19 na Buzuruga ni mojawapo. Nyamagana nayo ilitoka kata 12 ikafika 18. Sababu inaeleweka, watu wameongezeka kwa kasi ya ajabu: jiji lote lilikuwa na watu 476,646 mwaka 2002, likawa na 706,453 mwaka 2012, na sensa ya 2022 Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zikahesabiwa 1,104,521. Diwani mmoja hawezi kubeba kata yenye watu kama wilaya. Mi siungi mkono wale wanaosema kugawa kata ni siasa tu ya kutafutiana vyeo, ukikaa Nyakato ile ya zamani ukaona foleni ya watu wanaomsubiri mtendaji mmoja ungesema igawanywe jana.

Kwa hiyo nyumba ya mzee haijahama hata hatua moja. Imekaa chini ya Manispaa ya Mwanza, ikaingia Jiji, ikahamia Manispaa ya Ilemela, na ndani ya hapo ikatolewa Kata ya Nyakato ikapelekwa Buzuruga. Hayo yote ni kwa nyumba moja ya mtu mmoja ndani ya miaka kama thelathini. Na kabla ya hapo nyuma kuna mengine mengi, Wajerumani waliweka boma lao Mwanza 1892, Waingereza wakauchukua mji 1916, wakaja na utawala wa kupitia watemi, yaani machifu, kwa sheria ya 1926, na vijiji vya pembeni ya mji wakati huo viliitwa magunguli, kila gunguli na mwanangwa wake, mkuu wa kijiji, chini ya ntemi. Utemi ukafutwa kisheria 1963. Wazee wa pembezoni, Sangabuye huko na Bugogwa, wengine bado wanakutajia mpaka wa shamba kwa jina la mwanangwa wa zamani na ukiwasikiliza vizuri hawapotezi njia.

Na hii ishu haiko kwenye kata tu. Mtu kazaliwa Geita mwaka 1990, cheti chake cha kuzaliwa kinasema Mkoa wa Mwanza, maana Mkoa wa Geita umeanzishwa 2012. Wa Busega naye cheti kinasema Magu, Mwanza, leo yuko Simiyu. Hawa hawasumbuliwi sana kwa sababu habari ya mkoa mpya ilitangazwa nchi nzima. Kata mpya inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, ambalo mama muuza dagaa wa Buzuruga hajawahi kulishika.

Turudi kwenye ugomvi. Nilipowaeleza haya upande wa Sengerema haukukubali, na sikuwalaumu. Kusema "kata iligawanywa" ni maneno, na wao walikuwa wanadai ushahidi kwamba kipande kile kile cha ardhi ndo hiki. Mzee angeweza kuwa na kiwanja kimoja kilichobaki Nyakato na kingine kilichoangukia Buzuruga, hilo linawezekana kabisa, kuna watu wana viwanja pande zote mbili.

Mabaraza ya kata nayo hayakuweza kumaliza. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza la kata kwenye ardhi linasuluhisha, haliamui tena nani mwenye haki, likishindwa mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na hapa kila upande ulikuwa kwenye kata tofauti, upande mmoja umeita mali ni ya Nyakato mwingine umeita ya Buzuruga, sasa mnasuluhishwa kwenye nini wakati hamjakubaliana mko wapi. Watendaji wote wawili walikuwa waungwana, kila mmoja alisema kitu cha kweli kwa upande wake: huyu alisema nyumba hiyo haipo kwenye kata yangu, yule akasema ipo kwangu lakini hati ya 1986 inataja kata nyingine siwezi kuithibitisha. Yaani majibu yote ni sahihi na familia haijasogea.

Kilichotusogeza ni kuisoma ile hati ya 1986 mpaka chini. Watu wanasoma jina, bei na sahihi wanaiacha. Katikati kulikuwa na mistari ya mipaka: kaskazini jiwe kubwa lenye ufa, mashariki minyaa ya jirani, magharibi njia ya watu kwenda kisimani, kusini jirani mwingine katajwa jina. Na vipimo kwa hatua za miguu. Mwandishi wa hati ile, sijui alikuwa nani, alifanya kazi ambayo mihuri yote iliyofuata haikuifanya.

Tukaenda eneo la tukio pande zote mbili na mzee aliyekuwa balozi miaka ile, bado yu hai, anatembea na fimbo lakini kumbukumbu iko vizuri. Mwanza kwa mawe hatuna shida, jiwe lilikuwepo, ufa upo, nyumba mbili za wapangaji zimejengwa zimeliegemea. Minyaa imebaki mashina machache tu kwenye kona, kwingine wamejenga ukuta wa tofali. Njia ya kisimani siku hizi ni barabara ya mtaa, ina kibao kipya na nyumba zina namba za anwani za makazi. Kijana wa Sengerema, yule yule aliyesema hati ni feki, akahesabu hatua mwenyewe kutoka kwenye jiwe mpaka ukutani, mzee balozi akimsimamia. Zikakaribiana na za kwenye hati, zilipungua kidogo upande wa barabara, na balozi akaeleza pale ndo ilipopanuliwa njia. Jirani wa kusini aliyetajwa kwenye hati amefariki ila wanawe wapo pale pale na wana hati yao ya miaka hiyo hiyo inayomtaja huyu mzee wetu kama jirani wa kaskazini. Hati mbili za watu wawili tofauti zinatazamana. Hapo kelele zilipungua sana.

Bado dada mmoja alikuwa na wasiwasi, akauliza je kama alikuwa na nyingine tofauti na hii? Kilichomtuliza kilitoka kanisani, na hapa naomba nikae kidogo maana ndo sehemu iliyonigusa kuliko zote.

Mzee alikuwa Mkatoliki. Wanawe wote wa pande zote mbili wamebatizwa, na vitabu vya ubatizo vinaandika wazazi wanaishi wapi. Parokia nazo zimegawanyika hapa Mwanza kama kata tu au zaidi. Wamisionari wa Afrika walijenga misheni Bukumbi 1883, huko ndo shina, na kutoka kwenye misheni chache za mwanzo zimezaliwa parokia na vigango, yaani makanisa madogo chini ya parokia, visivyohesabika. Mwanza ikawa vikariati, yaani eneo la kanisa kabla halijawa jimbo kamili, 1929, jimbo 1953, jimbo kuu 1987, na Geita ilishakatwa ikawa jimbo lake 1984. Kwa hiyo watu wa kanisa wanaijua vizuri habari ya kukata mipaka.

Ila wao wana utaratibu. Parokia mpya ikizaliwa, kitabu cha ubatizo cha zamani kinabaki parokia mama, hakichanwi. Na wewe uliyebatizwa pale 1975, ukienda kufunga ndoa parokia nyingine kabisa, hata mkoa mwingine, taarifa inarudishwa kule ulikobatizwa inaandikwa pembeni ya jina lako. Ukitaka kujua habari ya mtu unarudi kwenye mstari mmoja, unakuta yote yamekaa hapo. Kwenye parokia ya familia hii tulikuta ubatizo wa watoto wanne wa miaka tofauti kuanzia 1987, makazi ya wazazi yameandikwa Nyakato, kigango kile kile, na kigango hicho leo ni sehemu ya parokia nyingine na kiko mita chache tu kutoka kwenye lile jiwe. Baba paroko alituonyesha kwa utaratibu wake, kwa wanaohusika tu. Wale wa Sengerema wakakuta majina yao wenyewe mle, na wao wameandikwa makazi ya baba Nyakato, nyumba ile ile waliyokuwa wanafikia. Yaani ile "nyumba ya Nyakato" waliyokuwa wanaitafuta walikuwa wameshalala ndani yake kila likizo.

Sasa mi ninachokisema ni hiki na nakisema kwa uzito. Serikali igawe kata, igawe mitaa, ni sawa. Lakini kila inapogawa iache daraja. Karatasi moja tu ukutani kwenye ofisi ya mtaa na kwenye tovuti ya halmashauri: mtaa huu mpaka tarehe fulani ulikuwa kata fulani, halmashauri fulani, kwa tangazo la serikali namba fulani. Taarifa hiyo ipo, kwa sababu kugawa kata hakufanyiki kienyeji, maombi yanaanza kwenye vikao vya chini, yanapita kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, ya mkoa, mpaka kwa waziri wa TAMISEMI. Mihtasari yote imeandikwa sehemu. Na kila tunapokaribia uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, mipaka ya mitaa inatangazwa upya. Kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha jana na leo kwa lugha ambayo mtendaji wa kata anaweza kuigonga mhuri.

Najua wapo watakaosema anwani za makazi zimemaliza tatizo hili. Zimesaidia kweli, operesheni ile ya 2022 kabla ya sensa ilifanya kazi kubwa, nyumba ina namba na barabara ina jina. Lakini namba ile inasaidia kwenda mbele, hairudi nyuma kukwambia hati ya 1986 inazungumzia mlango upi. Alafu namba ya posta yenyewe imefungwa kwenye kata, kata ikigawanywa tena tutarudi pale pale. Na kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ni nafuu kwa mlipaji, ila ile risiti ya zamani yenye jina la halmashauri na kata ndo imeondoka, na risiti zile zilikuwa ushahidi mzuri sana.

Kwa upande wa vijiji vilivyoingizwa mjini hali ni nzito zaidi. Kijiji kina mamlaka ya kugawa ardhi chini ya sheria ya ardhi ya vijiji namba 5 ya 1999. Kikishakuwa mtaa, mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka hayo hata kama ni mtu yule yule, amekaa kiti kile kile na mhuri unafanana. Kwa hiyo kwa wale wa pembezoni tarehe ya kijiji kuwa mtaa inaamua kama karatasi yako ni mgao au ni ushuhuda tu wa mauziano. Ukinunua eneo kule uliza tarehe hiyo kwanza.

Familia ilirudi Mahakama ya Mwanzo na orodha ya mali iliyoandikwa upya. Mwanzo walikuwa wameandika "nyumba Nyakato" na mtu mwingine kaongeza kwa kalamu "na Buzuruga". Sasa imekaa hivi: nyumba moja, iliyonunuliwa 1986 ikiwa Kata ya Nyakato, Manispaa ya Mwanza, baadaye chini ya Jiji la Mwanza, na kwa sasa ipo Kata ya Buzuruga, Manispaa ya Ilemela, ikipakana kaskazini na jiwe kubwa lenye ufa, na hati, risiti na barua zilizoambatanishwa zote zinahusu mali hiyo hiyo moja. Mtendaji wa Buzuruga akaandika barua ya kuthibitisha kwamba eneo hilo zamani lilikuwa Kata ya Nyakato, mzee balozi na watoto wa jirani wa kusini wakasaini kama mashahidi, na watoto wa pande zote wakaweka sahihi na dole gumba. Wamebaki na mvutano wa kodi ya vyumba vya uani, nani alikuwa anaipokea baba alipokuwa mgonjwa, na hilo wanalimaliza kwenye kikao cha ukoo.